Kasuku Kumi na Moja

Kasuku kumi na moja zilitoka nyumbani kwa Nzilani Jumatano jioni, na kufikia Alhamisi saa kumi, kumi zilikuwa zimesharudi. Hizi ni zile kopo ndogo za plastiki zinazonunuliwa na mafuta ya kupikia ndani, na ambazo mwanamke wa mtaa wa Kimbo, Ruiru, hazitupi hata mfuniko ukipasuka. Mafuta yakiisha hutiwa chumvi, au vifungo, au mbegu za sukuma, na siku ukitaka kumpelekea jirani chakula, humo ndimo unamtilia.

Zilirudi na vitu. Ya Njambi wa mlango wa tatu ilikuja na nusu paketi ya sukari. Ya mke wa Mugo ilikuwa na mayai matatu, kila moja limefungwa kipande cha gazeti. Nyingine ilileta parachichi, nyingine vitunguu, nyingine kipande cha sabuni ya kufulia. Huko walikolelewa wanawake hawa, awe Mkikuyu wa Gatundu au Mkamba wa Matungulu, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Afadhali ukae nacho wiki mbili ukitafuta cha kutia kuliko kumrudishia mwenzako hewa.

Na kila chombo kilikuja na maneno yake.

"Mama Ndanu, aki hiyo chakula ilikuwa tamu! Watoto wamelamba mpaka mfuniko."

"Wee! Kumbe muthokoi inaweza kuwa laini hivyo?"

"Unaanza lini? Mimi utaniona wa kwanza, haki ya Mungu."

Nzilani alivipanga vitu vyote mezani, akasimama mbele yake na mikono kiunoni. "Kumi kwa kumi na moja," alimwambia mumewe. "Baba Ndanu, nani mwingine alianza biashara na watu kumi kwa kumi na moja?"

Mbaluka alikuwa fundi wa mawe. Tangu mjengo wa Mugutha usimamishwe alikuwa anashinda nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Alilichukua lile parachichi, akalibonyeza, akalirudisha mahali pake.

"Hii itaiva Jumamosi," alisema, na huo ndio uliokuwa mchango wake.

Wazo lenyewe halikuwa na mambo mengi. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa ganda, na Nzilani alijua kuyapika na maharagwe kuliko mtu yeyote kutoka Ruiru mpaka Thika, au angalau ndivyo alivyojiambia. Shida ya muthokoi ni moto. Mwanamke akitoka kazini saa moja jioni, na kile kimtungi kidogo cha gesi, hawezi kuchemsha mahindi saa tatu. Basi Nzilani angemchemshia. Angemuuzia yakiwa karibu kuiva, mwenyewe akifika kwake akaange kitunguu na nyanya, amimine, na baada ya dakika ishirini watoto wanakula.

Alilipata wazo hilo akiwa amesimama kwenye laini ya biskuti katika kiwanda kimoja cha Thika, ambako kwa miaka sita alikuwa akipewa mkataba wa miezi mitatu, anarudishwa nyumbani wiki mbili, halafu anaitwa tena. Laini yao ilikuwa na wanawake thelathini na wawili na kibao kimoja. Kibao hicho kilikuwa cha mbao, kimetobolewa na kutiwa kamba, na bila kukivaa shingoni huendi chooni. Mwezi wa tano Nzilani alikiomba saa nne, akaambiwa kimetoka. Akakiomba saa nne na nusu. Kilipomfikia saa tano haikuwa na maana tena. Alivua sweta akaifunga kiunoni, akafanya kazi hivyo mpaka jioni, akarudi nyumbani hivyo, akafua nguo zake kabla mtu hajamuuliza. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Hakumwambia Mbaluka, hakumwambia yeyote, lakini siku hiyo aliapa kwamba atatafuta kitu ambacho hakina kibao.

Safari hii, mkataba ulipoisha, alichukua hela za mwisho akanunua gunia la mahindi, akalipeleka Kalimoni kwenye mashine ya kukoboa, akanunua na sufuria ambayo Mbaluka alilazimika kuikalisha nje kwa sababu haikupita mlangoni na mishikio yake.

Kasuku ya kumi na moja ilirudi jioni hiyo ya Alhamisi, na aliyeileta ni Emmaculate wa mlango wa mwisho. Huyu alikuwa mgeni pale, miezi minne tu. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo hapo Ruiru, akitoka asubuhi na kurudi jioni bila kusimama kwenye kamba za nguo kupiga stori, na kwa hilo peke yake wanawake wa ploti hiyo ya nyumba za kupanga walikuwa wameshamwita mwenye maringo.

Alinyoosha kasuku. Nzilani aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyofaa, na mikono ikashangaa wepesi wake. Ndani hamkuwa na kitu. Ilikuwa imeoshwa mpaka inateleza.

"Asante," alisema Emmaculate. "Ilikuwa na chumvi mingi. Na maharagwe hayakuwa yameiva kama mahindi. Unauza pesa ngapi?"

Nzilani alimtazama, akaitazama kasuku, akamtazama tena. "Bado sijapanga bei," alisema.

"Ukipanga uniambie." Akaenda zake.

Mlango ulipofungwa Nzilani aliigeuza kasuku juu chini na kuitikisa, Mungu anajua alitarajia nini kidondoke. "Umeona?" alimwambia Mbaluka. "Mtu mzima! Hata njiti ya kiberiti? Halafu anakuja kuniambia chumvi!"

"Ni wale watu wa kusoma sana," alisema Mbaluka, ambaye hakujua Emmaculate alisoma kiasi gani.

Habari hiyo ilienea kwenye kamba za nguo kabla giza halijaingia, na ilimpendeza kila mtu. Njambi alisema yeye alijua toka mwanzo.

*

Ijumaa asubuhi simu ililia. Alikuwa Bedan, msimamizi wa laini.

"Mama, Jumatatu tunaanza. Saa moja na nusu kusaini. Unakuja ama nipee mtu? Niko na wasichana hapa kwa geti wananililia."

Nzilani alikuwa amekaa mbele ya meza yenye mayai na sukari na vitunguu. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha ana ulimi mwepesi.

"Bedan, sitarudi. Mpe mwingine."

"Umepata wapi?"

"Kwangu."

"Haya, mama. Mungu akubariki," alisema Bedan kwa ile sauti inayotumiwa matangani, akakata.

Ndanu, binti yao wa kidato cha tatu aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya Agosti, alikuwa amesikia kila neno. "Mum, umeacha job?"

"Nimeacha."

"Na kama watu hawatanunua?"

Nzilani aliionyesha meza kwa kidevu. "Hiyo ni nini? Si nyinyi shuleni mnaambiwa mtu akitaka kufanya biashara aulize watu kwanza? Mimi nimeuliza."

Ndanu alikata boksi akaandika kwa kalamu nyekundu: MUTHOKOI YA NZILANI, TAYARI DAKIKA 20, KASUKU 80/-. Aliandika vizuri, na chini akachora hindi lenye miguu.

*

Jumamosi saa tisa meza ilikuwa nje ya lango la ploti, kitambaa cheupe juu yake, na sufuria juu ya kitambaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku zamani, kwa hiyo mpango ulikuwa mnunuzi aje na chombo chake, na Nzilani ampimie kwa kasuku. Alivaa aproni mpya. Mbaluka alikaa kwenye jiwe hatua kumi kutoka pale, mbali ya kutosha kuonekana hauzi, na karibu ya kutosha kuona.

Wa kwanza kufika alikuwa Njambi, kama alivyoahidi.

"Mama Ndanu! Wacha niwe wa kwanza!" Alinyoosha bakuli lake. Nzilani alipima kasuku moja, akaongeza kijiko kwa ajili ya ujirani. Njambi akachungulia, akatabasamu, akasema, "Mungu akuongezee," akageuka kwenda.

Nzilani alimwacha apige hatua tatu. Hatua ya nne ikabidi aseme.

"Njambi. Ni themanini."

"Themanini nini?"

"Shilingi." Aligusa boksi la Ndanu kwa kidole.

Njambi alilisoma boksi lote, mpaka lile hindi la miguu. Uso wake ulibadilika polepole, na haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu aliyesimama mbele za watu na kugundua zipu yake iko wazi.

"Kumbe hata sisi tunauziwa?"

"Si nilisema naanza biashara?"

"Ulisema. Lakini Jumatano ulinipigia hodi. Ukaniambia, Njambi, onja. Mimi nikajua umetukumbuka tu. Nikakupea sukari ya watoto wangu." Aliliangalia bakuli. "Sasa hiyo sukari ilikuwa ya nini, Mama Ndanu? Ya kukulipa ama?"

"Njambi, usichukulie hivyo. Chukua tu, tutaongea."

"Nisichukue ionekane nimeiba."

Aliirudisha muthokoi ndani ya sufuria, taratibu, akigonga bakuli mpaka punje ya mwisho, halafu akaingia ndani ya lango. Nzilani alitamani angemtukana. Aliona aibu ikimpanda shingoni mpaka masikioni, na bado mchana ulikuwa mrefu.

Baada ya hapo ilikuwa kama mtu amepita milangoni akitangaza. Mke wa Mugo alitoka, akasema amekwisha kupika chapati. Mwingine alisema leo wanakula kwa shangazi, na nusu saa baadaye moshi wa jiko lake ulionekana. Wa tatu aliuliza kwa upole kabisa kama wale waliotoa mayai wanakatiwa bei. Wote walisifu. Hakuna hata mmoja aliyesahau kusema ni tamu.

Walinunua watu wanne. Askari wa lango la jirani alinunua. Wawili wa bodaboda walisimama, wakala kijiko kimoja kimoja, wakasema, "Mathe, hii haijaiva," na alipowaeleza kwamba wakaikaange wenyewe nyumbani, walitazamana. "Nyumbani wapi?" aliuliza mmoja. Waliilipia kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko kama wangeondoka. Wa nne alikuwa Mbaluka mwenyewe, aliyezunguka nyuma ya kioski akamtuma mtu na mia, akidhani mkewe hataona.

Walikula muthokoi Jumamosi jioni. Walikula muthokoi Jumapili asubuhi kabla ya kanisa. Waliporudi kanisani Ndanu alifunua sufuria akaifunika tena.

"Mum, usiskie vibaya."

"Sema."

"Kwa wale watu wote kumi na moja, ni Emmaculate peke yake aliuliza price."

Nzilani alikuwa anavua viatu. Alibaki na kimoja mkononi.

"Wale wengine walisema ni tamu," Ndanu aliendelea, taratibu, maana alimpenda mama yake. "Lakini Mum, mtu akikuletea chakula kwa mlango utamwambia nini? Wewe ungesema nini?"

Nzilani alijua hasa angesema nini. Mwaka jana Njambi alimletea keki iliyoungua, naye alisema ni tamu na kumrudishia sahani na ndizi nne. Miaka yote alikuwa amesema hivyo, na kusemwa hivyo, na hakuna aliyekuwa mwongo. Ni adabu. Yeye ndiye aliyeichukua adabu akaipeleka sokoni.

*

Kwenda mlango wa mwisho kulimchukua Nzilani saa nzima ya kujizungusha. Alifagia uwanja ambao ulikuwa umefagiwa. Mwishowe alibisha.

Emmaculate alifungua akiwa na kitambaa kichwani na pasi mkononi. "Karibu, Mama Ndanu. Umepanga bei?"

"Bei nilipanga. Watu ndio sijapata." Alikaa kwenye stuli. Alikuwa ameandaa maneno ya kuzunguka, na yote yakampotea. "Nimekuja uniambie ukweli. Ulisema chumvi. Sema yote."

Emmaculate aliiweka pasi chini. "Hautakasirika?"

"Nitakasirika. Sema tu."

"Chumvi usitie kabisa. Mimi nina pressure, mwingine ana mtoto mdogo, kila mtu atie yake. Maharagwe chemsha peke yake, usichanganye na mahindi mapema, ndio maana moja inapondeka na nyingine inalia kwa meno. Kulikuwa na jiwe moja. Na usiuzie watu hapa kwa ploti."

"Wako na shida gani watu wa hapa?"

"Hawana shida. Wanashinda nyumbani. Njambi ako na jiko, ako na makaa, ako na siku nzima. Muthokoi anaweza kupika mwenyewe. Anakununulia nini? Kukupenda?" Alisema bila ubaya, kama anayesoma vipimo. "Na tayari walikulipa. Mayai, sukari. Ulichukua."

Nzilani aliisogeza stuli karibu.

"Wewe kwa nini ulirudisha tupu?" aliuliza. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa kooni siku tatu.

Emmaculate alishangaa. "Uliniambia unajaribu biashara. Kitu ya biashara mtu hurudishia parachichi? Mimi kazi yangu ni kukagua shati. Ikiwa na uzi umelegea naandika, narudisha kwa mwenye kushona. Nisipomwambia atashona mia zingine hivyo hivyo." Alicheka kidogo, mara ya kwanza Nzilani kumwona akicheka. "Wananichukia huko pia."

Halafu alisema jambo ambalo Nzilani alilibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Kwenye sakafu yao kiwandani walikuwa wanawake zaidi ya mia, wengi wanakaa peke yao au na mtoto, wanatoka saa kumi na mbili, wanafika nyumbani na kupika indomi, zile tambi za dakika mbili, kwa sababu hakuna nguvu ya kitu kingine. Yeye mwenyewe alitaka kasuku moja. Alijua watano ambao angewauliza kwa simu jioni hiyo. Kesho, getini, saa kumi na mbili. Bila chumvi.

"Sita," alisema Nzilani.

"Sita. Na kasuku zako zitarudi Jumanne. Usiache kazi kwa sababu ya kasuku sita, Mama Ndanu."

"Nimeshaacha."

Emmaculate aliichukua simu yake akaanza kuwapigia wale watano.

*

Kumpigia Bedan kulikuwa kubaya kuliko kumwendea Emmaculate. Alimpigia akiwa nyuma ya choo cha ploti, mahali ambapo Mbaluka asingemsikia akiomba.

"Si ulisema umepata kwako?" Bedan hakuficha kwamba anafurahia. "Ama kwako wamekufuta?"

"Bedan, nakuomba."

"Nafasi yako nimepea mtu. Laini imejaa." Alimwacha asubiri, Nzilani akamsikia akitafuna kitu. "Iko ya kuosha trei. Kwa maji. Unataka?"

Kuosha trei ni kazi ya wasichana wapya. Unasimama ndani ya maji na viatu vya mpira vya watu watatu kabla yako, na mshahara ni ule wa chini kabisa.

"Nataka."

"Saa moja na nusu. Usichelewe, mama mwenye hoteli."

Jioni hiyo alimwambia Mbaluka yote: trei, Emmaculate, kasuku sita. Kisha, kwa sababu alikuwa amechoka kuficha, akamwambia na habari ya kibao na sweta ya mwezi wa tano. Mbaluka alichukua misumari aliyokuwa akiinyoosha, akaipanga kwa urefu, akaivuruga.

"Hiyo maharagwe," alisema, "inachemshwa peke yake kwa saa ngapi?"

"Mbili. Wewe huwezi."

"Mimi nachanganya saruji mwaka wa ishirini. Ni kipimo tu. Niandikie."

Nzilani aliandika nyuma ya boksi la Ndanu, upande wa pili wa lile hindi. Na kabla ya kulala alipakua muthokoi safi, isiyo na jiwe, akaipeleka mlango wa tatu. Njambi alifungua nusu.

"Hii si ya kuuza," alisema Nzilani. "Hii ni yako. Na ile nyingine unisamehe, sikujua kutofautisha."

Njambi aliitazama kasuku kwa muda. "Haina kibango cha bei?"

"Haina."

Njambi aliichukua, akafunga mlango bila kusema kama ni tamu au la, maana alikuwa hajaionja.

*

Jumatatu Nzilani alisaini pale alipoonyeshwa kwa kidole. Viatu vya mpira vilikuwa namba tisa, yeye alivaa tano. Kufikia saa tano vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, na alipohitaji kwenda nje aliomba kibao kama kawaida, akaambiwa kimetoka kama kawaida. Safari hii alikuwa hajanywa chai asubuhi, makusudi, akasubiri.

Huko Ruiru, saa kumi na mbili kasoro, Mbaluka alisimama kwenye geti la kiwanda cha nguo na kikapu cha kasuku sita, Ndanu kando yake. Wanawake walitoka kwa wingi, na kila mmoja alimtazama mwanamume yule mkubwa aliyekumbatia kikapu kama mtoto wa watu. Mmoja aliuliza kama anauza chupi. Ndanu alicheka mpaka akakaa chini, lakini Mbaluka hakuondoka. Emmaculate alipotokea alifunua kila kasuku, akachungulia, akachota punje ya maharagwe akaitafuna mbele yake.

"Nani amepika?"

"Mimi," alisema Mbaluka, jasho likimtoka.

"Imeiva," alisema Emmaculate, akawaita wenzake.

Jumanne Nzilani alirudi kutoka Thika na miguu imevimba. Juu ya meza kulikuwa na kasuku moja ya Njambi, ina sukari mpaka juu. Alikuwa hajavua viatu Emmaculate alipobisha, amebeba nyingine sita zimeingizwa moja ndani ya nyingine, na pesa zimefungwa kwenye karatasi.

Nzilani alizitenganisha moja moja na kuzipanga mezani. Alichungulia ya kwanza. Alichungulia ya pili. Zilikuwa zimeoshwa, zimekauka, na ndani yake hamkuwa na chochote.

"Walisemaje?"

"Mmoja alisema maharagwe ni machache. Mwingine anataka ya ndengu. Yule wa cutting, kule wanakokata vitambaa, anasema themanini ni nyingi, lakini amelipa."

"Hakuna aliyesema ni tamu?"

Emmaculate alifikiri, kwa sababu hakupenda kusema kitu kisichokuwa sahihi. "Hapana. Walisema ulete tisa Alhamisi."

Alipoondoka, Mbaluka aliingia kutoka nje na kuni mikononi. Aliisogelea meza, akaitazama sukari ya Njambi, kisha akaanza kuchungulia zile kasuku sita, moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, na uso ukamkunjamana.

"Wamerudisha tupu? Zote?"

"Zote."

"Hata kitunguu?"

Nzilani alikuwa amekaa, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine sakafuni, tisa ikimzunguka kichwani. Kesho angesimama tena kwenye maji. Alitaka kumjibu vizuri, lakini kicheko kilimshika, na machozi nacho, vyote kwa pamoja.

"Hata kitunguu, Baba Ndanu," alisema. "Hata kitunguu kimoja."